Mionzi haivuji

SWALI: Ninatafsiri makala kuhusu ukaguzi wa majaribio ya nyuklia. Nimeandika: "Wakaguzi watagundua jaribio kwa kupima mionzi iliyovuja kutoka chini ya ardhi." Mwenzangu anasema "kugundua" si sahihi, niandike "kubaini". Nani yuko sawa?

JIBU: Mwenzako. Unaweza kugundua jambo hata kama hukuwa ukilitafuta. Mkaguzi huenda mahali akiwa tayari na shaka, naye hubaini kama ina ukweli. Neno hili limetoka kwenye Kiarabu, ndugu yake ni "bayana". Basi, hilo limekwisha.

Lakini nyote wawili mmepita juu ya kosa kubwa zaidi mkaliacha limekaa: "mionzi iliyovuja". Kosa hili nimelisoma magazetini mpaka nimechoka.

Chukua kandili. Kandili ikitoboka, kinachovuja ni mafuta. Nuru haivuji; nuru humulika, huangaza, huenea. Hakuna Mswahili aliyewahi kulalamika kwamba nuru ya kandili imemvujia nguoni. Sasa ifungie kandili hiyo ndani ya sanduku, ulizike. Nuru itakomea kwenye mbao. Mafuta yatapenya nyufa, na atakayepita juu atasikia harufu yake.

Ndivyo ilivyo kwa bomu lililolipuliwa ardhini. Mionzi yake haifiki juu. Mita chache za mwamba zinatosha kuizima. Kinachopanda ni gesi nururifu, yaani zinazotoa mionzi zenyewe: zenoni iliyozaliwa na mlipuko wenyewe, na agoni-37 inayotokea nyutroni, chembe ndogo zinazorushwa na mlipuko, zinapoipiga kalisi iliyomo mwambani. Gesi hizi hazishikani na kitu, kwa hiyo hupenya nyufa polepole, hasa kanieneo ya hewa inaposhuka. Mwaka 1993, huko Nevada, Marekani, wanasayansi walilipua baruti nyingi kwenye kina cha mita 400 hivi pamoja na gesi mbili za majaribio. Moja ilionekana juu baada ya siku 50 hivi, nyingine baada ya siku 375. Na iliyotangulia ni ile nzito! Ile nyepesi ilipotea njiani ikiingia kwenye vitundu vya mwamba.

Mtafsiri akiandika "mionzi iliyovuja", siku hizo zote zinapotea, maana mionzi husafiri kwa kufumba na kufumbua. Msomaji hataelewa kwa nini wakaguzi wanafyonza hewa ya udongoni, wala kwa nini wanaharakisha: nusu ya zenoni-133 hutoweka kila baada ya siku 5 hivi, na nusu ya agoni-37 kila baada ya siku 35.

Wapo wanaotaka tuandike "mnururisho" badala ya "mionzi". Ni neno zuri, limejengwa juu ya "nuru", lakini "mionzi" imeshakubalika na watu na sitagombana nao. Hata "sampuli ya mionzi" naweza kuivumilia ikitoka kinywani mwa mtu mwenye haraka. Kwenye maandishi, na kwa mtafsiri anayelipwa kwa maneno yake, hapana.

Andika hivi: "Wakaguzi watabaini kama jaribio lilifanyika kwa kupima gesi nururifu zilizovuja kutoka chini ya ardhi." Gesi ndizo zilizovuja. Mionzi ndiyo inayozitambulisha ndani ya kipimio.