Jani bichi kwanza, oveni baadaye

Kila Agosti mitego ya kukinga majani yanayopukutika ikianza kujaa, wadogo zetu mnaleta majedwali yenye LAI (eneo la majani juu ya kila mita ya mraba ya ardhi) ya 1.2 kutoka kwenye miombo ambayo Februari kivuli chake kinatosha kulala mchana. Haya, tukumbushane tena.

1. Mtego. Fremu ya nusu mita kwa nusu mita, yaani 0.25 m², iinuliwe mita moja kutoka chini. Wavu wa dagaa ni rahisi kupata hapa Mwanza na unafaa kwa miombo. Kwa migunga haufai, vijani vyake vinapenya matundu; tandika chandarua. Weka jiwe katikati, maana upepo wa ziwani wa alasiri hukung'uta mtego kama ungo.

2. Kusanya kila wiki mbili. Tenga vijiti, maua na maganda, kisha tenga kwa spishi.

3. Oveni. Hapa hatuwacheki, sote tumeungua. Mtu anakausha majani kwa nyuzi 70 saa 48, anapima uzito, anaona yametulia vizuri, ndipo anayaskani kupata eneo. Jani kavu limejikunja na kusinyaa, kwa hiyo eneo lake linatoka dogo. Tuseme mtego umekusanya gramu 60 za spishi moja msimu mzima, na jani likiwa bichi lina eneo la 120 cm² kwa kila gramu ya uzito wake mkavu. Hiyo ni 7,200 cm², au 0.72 m², gawa kwa eneo la mtego, 0.25, unapata LAI ya 2.9. Jani likisinyaa kwa asilimia 20, unapata 2.3. Msitu umepunguzwa na oveni! Na kosa halionekani, kwa sababu mitego yote inapungua pamoja na chati inapendeza. Dawa: chuma majani mabichi, ya juani na ya kivulini, yaskani siku hiyohiyo yakiwa yamelazwa chini ya kioo, ndipo uyakaushe hayohayo na kuyapima uzito. Ukichuma ya kivulini tu, ambayo ni membamba, LAI itapaa. (Na 1 m² ni 10,000 cm², si 100. Tunawajua.)

4. Picha za kuangalia juu, za kukadiria LAI kutoka chini ya miti: piga kabla jua halijachomoza. Matawi nayo yanahesabiwa kama majani, kwa hiyo rudia majani yakiisha upunguze hesabu ya matawi, ukijua utapunguza kupita kiasi kidogo, kwa kuwa wakati wa majani matawi mengi yalikuwa yamefichwa.

5. Msing'oe mitego mkiona majani mapya mekundu. Miombo huchipua kabla ya mvua, na mti wa jirani bado unapukutisha ya mwaka jana.