Hufyonzwa, huungana au hugandama?

Swali: Natafsiri ripoti kuhusu kemikali sugu zenye florini katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Niliandika kwamba kemikali hizo “hufyonzwa na mashapo”, yaani tope lililotulia chini ya ziwa. Mhariri akasahihisha kuwa “huungana na mashapo”. Nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Vitenzi vyote viwili ni Kiswahili fasaha, lakini hakuna hata kimoja kinachoeleza kinachotokea chini ya maji, na kwa kuwa ripoti yako inawahusu watu wanaovua na kuteka maji katika ghuba hiyo, suala hili lisichukuliwe kijuujuu.

Kufyonza ni kuvuta kitu hadi ndani, kama mizizi inavyofyonza maji. Msomaji akiambiwa kwamba kemikali imefyonzwa na tope, ataamini kwamba imekwisha kumezwa na haina madhara tena. Kuungana nako, katika kemia, hutumika kwa atomu zinapofanya kitu kipya. Zilizoungana hapa ni kaboni na florini, na uungano wao ni miongoni mwa ulio imara kabisa, ndiyo maana kemikali hizi haziozi. Lakini molekuli ya PFOS, mojawapo ya kemikali hizi, ikikutana na chembe ya tope haigeuki kuwa kitu kingine: inabaki PFOS ileile, imeshika tu juu ya chembe.

Kwa hali hiyo napendekeza kugandama. Kiambishi -am-, ambacho wanasarufi hukiita cha kauli ya kutendama, huonyesha hali ya kutulia mahali, kama katika kwama, tuama na inama. Kupe hugandama kwenye ngozi ya ng’ombe. Yuko juu yake, ameshika, na anaweza kutolewa. Hapo ndipo kitenzi hiki kinapozidi vingine, kwa sababu kina kinyume chake, kuganduka, na ripoti yako itakihitaji: tope likikorogwa na mafuriko au likizolewa kwa mitambo bandarini, sehemu ya kemikali huganduka na kurudi majini.

Ni lazima pia useme ni kemikali zipi zinazogandama, maana hazilingani. Molekuli ya aina hii ina mkia wa kaboni na florini unaoyakimbia maji, na kichwa chenye chaji hasi kinachoyapenda. Mkia ukirefuka, molekuli huelemea zaidi kwenye mabaki ya mimea na viumbe yaliyochanganyika na tope. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba kila kaboni moja yenye florini inayoongezeka huzidisha mgawo unaoshikwa na mashapo kwa takribani mara 3 hadi 4. PFOS, yenye kaboni 8, hugandama vizuri, hasa penye mboji nyingi na kalisi katika maji. PFBS, yenye kaboni 4, kwa sehemu kubwa husafiri na maji. Sentensi isemayo “kemikali hizi hugandama” bila kubagua itampotosha msomaji hata kama kitenzi ni sahihi, kwani atadhani kwamba maji yaliyochujwa tope yamekuwa salama.

Kwa hiyo andika hivi: “Kemikali zenye mkia mrefu, kama PFOS, hugandama kwenye mashapo ya ghuba na huweza kuganduka tope linapovurugwa, zenye mkia mfupi hubaki zaidi majini.” Kushikamana hakuna ubaya katika maelezo ya jumla, ila kiambishi chake cha kutendana hudokeza kwamba pande mbili zinashikana, ilhali hapa mashapo hayafanyi lolote. Ukihitaji nomino, tumia kugandama kwenyewe, kama katika “kugandama kwa PFOS”. Usiunde mgandamo, kwani litachanganywa na mgandamizo, ambalo wanafunzi wa fizikia wamelizoea kwa maana ya nguvu inayokandamiza.