Orodha ya maandamano imeingia grupuni: niisambaze?

SWALI: Ninaishi Leicester. Kwenye grupu letu la WhatsApp imeletwa orodha ya mitaa ambako "watu wa EDL" (English Defence League, kundi la siasa kali za kulia) wataandamana Jumamosi kupinga waomba hifadhi. Nimeombwa niisambaze ili wenzetu wajihadhari. Na je, viongozi wao wakikamatwa, mambo haya si yatakwisha?

JIBU: Usiifowadi, dada. Aliyeitunga anakutegemea wewe uifikishe kwa watu anaotaka watishike. Tarehe 7 Agosti 2024 orodha ya aina hiyo, yenye maeneo zaidi ya 30, mengi yakiwa ofisi za wanasheria wa uhamiaji, ilitoka Telegram ikaenea nchi nzima. Maduka yalifungwa mapema, madirisha yakapigiliwa mbao. Jioni ilipofika, sehemu nyingi hakutokea mwandamanaji. Walthamstow, London, ilijaa maelfu waliokuja kuwapinga waandamanaji hao.

Hili la viongozi ndilo linalochosha kulieleza. EDL ilizaliwa Luton 2009, na kama chama chenye uongozi ilikwisha kitambo. Bado watu wanatafuta mwenyekiti na matawi! Kilichopo ni ngazi. Juu ni chaneli za Telegram, ambako wenye siasa kali hutengeneza mabango. Chini yake ni kurasa za Facebook zinazojiita za wakazi wa mtaa fulani. Mwisho ni barabarani, ambako mkazi mwenye malalamiko yake halisi anajikuta bega kwa bega na aliyekuja na matofali. Chukua mfano wa Southport, mji wa kaskazini-magharibi mwa England: 29 Julai 2024 wasichana watatu waliuawa. Muda si mrefu likazuka jina la uongo la mtuhumiwa, eti kaja kwa boti. Kumbe kazaliwa Cardiff, Wales. Kesho yake jioni msikiti wa mji huo ukashambuliwa. Uvumi ule haukuhitaji kadi ya uanachama. Ukifunga chaneli moja, wafuasi wanahamia nyingine.

Tazama hiyo orodha vizuri. Ikiwa na mishale miwili juu yake, imeshapita mikono mingi, na aliyekutumia hajui ilikotoka. Imeandikwa "Jumamosi" bila tarehe? Huenda ni ya zamani, imefufuliwa. Wala usitulie kwa sababu polisi hawana taarifa: kwa sheria ya Uingereza, matembezi hutolewa notisi ya maandishi siku 6 kabla, lakini mkusanyiko wa kusimama mahali pamoja hauhitaji notisi.

Sasa wapo "wachunguzi" wa WhatsApp, wenye sauti za dakika nne na neno "imethibitishwa", wanaowashauri watu wajiunge na chaneli hizo wakapeleleze. Upuuzi mtupu. Unaweza kuanika jina na picha yako, na unaongeza hesabu ya wafuasi wanayojivunia wenye chaneli.

Ukiwa na kiungo cha posti yenyewe, kihifadhi pamoja na jina la chaneli, tarehe na saa. Skrinshoti peke yake haitoshi kumfuatilia aliyeandika. Piga 101, namba ya polisi kwa yasiyo ya dharura; watu wakishakusanyika mlangoni, piga 999, ya dharura. Msikiti au ofisi iliyotajwa, wapigie wao moja kwa moja. Grupuni andika tu: "Chanzo hakijulikani, polisi wameshaarifiwa, tafadhali msiisambaze," kisha mwombe admini aifute.