Maswali ya wasomaji: Mashine ya mwinjilisti imesimama

Swali: Bwana Yesu asifiwe. Usharika wetu ulichanga shilingi milioni 6, tukamnunulia mwinjilisti mashine ya kusaga ya dizeli ili ajitegemee kwenye mtaa mpya wa usharika, tusimtumie posho tena. Haikufika miezi minane, imesimama. Watu wanasaga kila siku lakini fedha hazionekani. Tumekosea wapi? (Mzee wa kanisa, Kondoa)

Jibu: Amina. Msianze kwa kumshuku mwinjilisti. Anzeni na hesabu, maana huenda hakuna aliyekaa naye akaipiga kabla hamjanunua.

Tuchukue mfano. Anasaga debe 30 kwa siku, kila debe sh 1,500. Jioni droo ina sh 45,000. Dizeli lita 8 kwa sh 3,000 ni sh 24,000. Kijana wa mashine, sh 6,000. Oili, mkanda, nyundo (vile vyuma vinavyoponda mahindi ndani ya mashine) na chujio, wekeni sh 3,000 kwa siku. Halafu liko lile ambalo wengi hulisahau: uchakavu. Mashine ya milioni 6 ikidumu miaka 5, kwa siku 312 za kazi kila mwaka, inakula karibu sh 4,000 kwa siku hata kama haijaharibika. Kinachobaki ni sh 8,000. Kwa mwezi wa siku 26 hiyo ni sh 208,000, na hiyo ndiyo faida.

Sasa mtu anayeiona ile 45,000 akatoa zaka 4,500, ametoa zaidi ya nusu ya faida yake ya siku. Akilipa na ada ya mtoto humo humo, siku beringi inapokufa hana hata senti. Zaka itolewe kwenye faida, tena mwisho wa mwezi, baada ya daftari kufungwa.

Wekeni mifuko mitatu isiyokopeshana: wa mashine (dizeli, vipuri, uchakavu), wa nyumba ya mwinjilisti, na wa sadaka za mtaa. Funguo za droo zikae kwa mmoja, daftari kwa mwingine.

Kuhusu mashine yenyewe, uliza iliharibikaje. Mara nyingi ni mahindi ambayo hayajakauka vizuri: unga unanata kwenye chujio, injini inazidiwa, mkanda unateleza hadi kuungua. Kijana afundishwe kuyakataa, hata yakiletwa na mzee wa kanisa. Nyundo zikilika upande mmoja zigeuzwe, ila zote kwa siku moja. Ukibadili mbili ukaacha nyingine, uzito haulingani, mhimili unatikisika na beringi hazidumu.

Na hiyo posho, msiikate yote. Paulo alishona mahema kwa Akila na Prisila huko Korintho (Mdo 18:3), lakini Sila na Timotheo walipofika kutoka Makedonia alijitoa zaidi kwa neno, na Wafilipi ndio waliomtumia msaada alipohitaji. Sh 208,000 haitamlisha mtu mwenye familia anayeitwa kuzika saa sita mchana.

Swali: Waumini wanataka bei ya ndugu, na wajane wanasaga kwa deni. Nikikataa naambiwa sina upendo. (Mwinjilisti, Singida)

Jibu: Bei iwe moja, iandikwe ukutani, kwa Mkristo, Mwislamu na asiye na dini. Ukimpunguzia muumini, jirani anajifunza kwamba Injili yako ina bei mbili. Mjane asaidiwe, lakini mfuko wa diakonia, yaani wa kuhudumia wahitaji, ulipe: andika jina, idadi ya debe, na mhazini alipe mashine kila Jumamosi. Hivyo kanisa linajua huruma yake inagharimu kiasi gani. Madeni mengine, hapana.

Swali: Je, niajiri waliookoka tu? Na nihubiri kwenye foleni?

Jibu: Ajiri anayejua kazi na asiyeiba unga. Wamisionari wa Basel, Uswisi, walianzisha kiwanda cha vigae Mangalore, India, mwaka 1865; nia mojawapo ilikuwa kuwapa kazi waongofu waliofukuzwa na jamaa zao. Vigae vyenyewe vilikuwa bora hata vikavuka bahari na kuezeka nyumba za pwani yetu. Lakini ajira ikishafungamana na ubatizo, swali halikwepeki: huyu amemfuata Kristo au mshahara? Ukiajiri waumini peke yao, utaulizwa hilo na kijiji kizima.

Foleni ya mashine haina mlango wa kutokea, kwa sababu mwanamke mwenye debe kichwani hawezi kuondoka akikuchoka. Usimhubirie hapo. Mpimie sawasawa, mrudishie chenji na pumba zake, na akikuuliza unasali wapi, mjibu.

Swali: Mashine iandikwe kwa jina la nani?

Jibu: La usharika, kama fedha ni za usharika, na mwinjilisti asaini mkataba unaosema itakuwaje akihamishwa. Hati ya kanisa haitoshi: chukueni TIN, namba ya mlipakodi, ya TRA (ni bure) na leseni ya halmashauri, na risiti za dizeli zitunzwe hata zilizofifia.