Kupasuliwa kumemharibia mwanangu taya?

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka minne. Nilimzaa kwa kupasuliwa. Kidevu chake kimerudi nyuma, na akiuma meno, pale mbele panabaki pengo ambalo ulimi unapenya. Mama mkwe anasema ni kwa sababu hakupita njia ya kawaida, eti uso haukubanwa ukakaa sawa. Ni kweli?
Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Mama, kwanza tua huo mzigo. Hukumharibu mtoto.

Karibu kila mtoto mchanga huzaliwa na taya la chini dogo, lililorudi nyuma, awe amepita njia gani. Njia ya kawaida hubana fuvu, kichwa kikatoka kirefu, lakini baada ya siku chache hurudi sawa. Anayevutwa kwa vantuzi (kikombe cha kunyonya kinachobandikwa kichwani) huweza kutoka na uvimbe kichwani, nao huisha. Taya hufuata ukoo (mtazame baba yake kwa ubavu, na bibi yake pia), halafu hufuata kazi linayopewa kila siku.

Upasuaji huingia hapa kwa mlango wa nyuma. Nilipokuwa wodi ya wazazi, niliona mama waliopasuliwa wakiachwa walale na maumivu yao, na mtoto akipewa biberoni, yaani chupa ya maziwa. Hilo linaniuma mpaka leo. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza, maziwa ya mama peke yake miezi 6, kisha aendelee mpaka miaka 2 au zaidi. Kwenye ziwa mtoto husukuma taya mbele na nyuma, misuli ikapata nguvu. Biberoni haimtoi jasho hivyo.

Lile pengo la mbele ndilo linalonishughulisha. Hukuniambia: ananyonya kidole au tetini (chuchu ya mpira)? Hiyo ndiyo sababu ninayoikuta mara nyingi. Akiacha kabla meno ya ukubwani hayajaota mbele, karibu na miaka 6, pengo mara nyingi hujifunga lenyewe. Usimpake pilipili, usimpige. Mpe mikono yake kitu cha kushika, msifu siku aliyojizuia.

Je, analala mdomo wazi na kukoroma? Basi mpeleke kwa daktari wa pua na masikio, huenda vinyama vya nyuma ya pua vimevimba. Mtoto anayepumua kwa mdomo usiku kucha, ulimi wake hushuka na taya la juu hukua jembamba.

Mpe vya kutafuna: muwa, hindi la kuchoma, sambaza (samaki wadogo wa ziwani) wa kukaanga. Na jino la utoto likioza litibiwe, usiseme litang'oka tu. Likitolewa mapema, ya jirani hulalia nafasi yake.

Muone daktari wa meno sasa. Mimba nyingine ikija, na ukipasuliwa tena, mwambie muuguzi kabla ya kuingia chumbani akuwekee mtoto kifuani mapema, hata ukiwa bado umelala chali, na yeye amshikilie.