Kwa Mwenzangu wa Pwani Anayeutaka Mlima Kenya

Juma lililopita kijana mmoja wa Likoni aliniandikia akiuliza kama siku tatu zinatosha kwenda kilele cha Lenana na kurudi. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa maana swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe miaka minne iliyopita, na jibu nikalipata nikitapika kando ya njia huku wenzangu wa bara wakitaniana kwamba Mswahili hapandi kitu kirefu kuliko mnazi. Utani ule haujanitoka.

Kosa langu lilikuwa haraka. Sisi tumezoea hewa ya ufukweni, nami siku ya pili tu nilikuwa kambi ya Shipton, mita 4,200. Kichwa kiligonga usiku kucha, chakula kikanishinda, na kabla ya alfajiri mwongozaji akaniteremsha. Alifanya vema, kwa kuwa ugonjwa wa mwinuko hauna dawa bora kuliko kushuka.

Mwezi uliopita nilirudi kwa njia ileile ya Sirimon, nikalala Nanyuki usiku mmoja, kambi ya Old Moses siku mbili, Shipton siku mbili. Mwendo wa bonde la Mackinder sina haja ya kuusimulia. Saa tisa usiku tulianza kukwea, mimi na koti langu la mitumba ya Kongowea lililokwisha kuharibika zipu, na jua lilipochomoza nilikuwa juu, mita 4,985. Nililia, wala sioni haya kulisema.

Mbele yangu vilisimama Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188. Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika Batian mwaka 1899, ndiye aliyevipa vilele majina hayo: Batian kwa Mbatian, oloiboni mkuu, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wamaasai, Nelion kwa nduguye, na Lenana kwa mwanawe. Katika msafara wake walikuwamo wapagazi Waswahili, jambo ambalo ningependa watani wangu walisikie.

Mbatian alipofariki mwaka 1890, Lenana aligombea urithi na nduguye Senteu, akawaegemea Waingereza, na mwaka 1904 akaukubali mkataba uliowaondoa watu wake katika Bonde la Ufa, baadhi yao wakapelekwa Laikipia, nyanda zilezile nilizoziona chini yangu upande wa kaskazini-magharibi. Alifariki mwaka 1911, na mwaka huohuo mkataba mwingine ukawang'oa hata huko. Nanyi vijana mnapiga picha kwenye kibao chenye jina lake, mnashuka bila kuuliza alikuwa nani! Safari ya kwanza hata mimi sikuuliza.

Basi, mwanangu wa Likoni, siku tatu hazitoshi. Tenga sita, nenda polepole, kunywa maji, kisha nenda polepole zaidi. Koti ninalo bado, na zipu nimekwisha kuitengeneza, njoo ulipime.