Mchungaji asema mnazi hapana, wazee wasema bila mnazi hakuna binti

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 29, fundi wa umeme hapa Malindi, na kanisani ndiye mpiga kinanda. Nina mchumba, Mgiriama mwenzangu, kwao ni upande wa Ganda. Sote wawili tumeokoka. Wazee wa kwao wametupa orodha ya mahari na karibu kila kitu tunakiweza: mbuzi, leso za mama na nyanya, pesa za baba. Tumekwama kwenye kadzama nne za mnazi, yaani vipimo vinne vya kimila vya pombe inayogemwa mnazini. Mchungaji wetu amesema wazi kwamba nikipeleka hata dumu moja hatatufungisha ndoa, na kinanda nitakaa mbali nacho miezi sita. Baba mdogo wa mchumba wangu naye amejibu kwamba kama kinywaji chao ni haramu, basi na binti yao ni haramu kwetu. Nimemsomea mchungaji habari za harusi ya Kana, Yesu alipogeuza maji kuwa divai, akaniambia ile ilikuwa maji ya zabibu. Je, Kristo hakutuweka huru? Atakayemimina siku hiyo ni kaka wa mchumba wangu, rafiki yangu sana, aliyeacha pombe mwaka juzi. Nafikiria kumpa mjomba pesa aununue na kuupeleka usiku, mchungaji asijue na wazee waridhike. Harusi ni Desemba. Naruhusiwa au siruhusiwi?

Aliyekwama, Malindi

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama mahali ambapo wewe umepita mbio. Kinanda umekitaja mara mbili. Huyo shemeji yako umemtaja mara moja, kwa sentensi moja, kama mtu anayetaja rangi ya ukuta.

Hebu tukae naye kidogo. Mnazi wa asubuhi, uliotoka kuteremshwa na mgema, ni mtamu, karibu unywe kama maji ya sukari. Ukifika saa tisa alasiri umekuwa mkali, povu limepanda mdomoni mwa dumu na harufu imejaa ua mzima. Wazee wenyewe unawajua, hakuna kikao cha mahari kinachoanza asubuhi kikaanza kweli. Sasa mchukue kijana aliyeacha mwaka juzi, anayepita kila siku karibu na mangwe, kilabu cha mnazi, ambako wenzake bado wanamwita kwa jina, umkalishe mbele ya ukoo wote na kibuyu mkononi. Kwetu anayemimina huonja kwanza, watu waone hakuna kilichotiwa ndani. Sijui kwao kama ni hivyo. Wewe umewahi kumuuliza?

Umeniandikia kuhusu uhuru, na nafurahi, maana jambo hili lina jibu la zamani kuliko kanisa lako na langu. Wakorintho walimwandikia Paulo barua wakimuuliza maswali yao, na Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, kuanzia sura ya 7, ni majibu ya barua ile. (Kwa hiyo Paulo naye alikuwa na safu yake. Hilo hunipa moyo siku ambazo barua zenu ni ngumu.) Swali mojawapo lilikuwa nyama. Mjini kwao nyama iliyochinjwa kwenye mahekalu ya sanamu ilikuwa ikiliwa mezani huko huko hekaluni, nyingine ikiuzwa sokoni. Waliojiona wana ujuzi walisema kama wewe: sanamu si kitu, Mungu ni mmoja, nyama ni nyama, tuko huru. Paulo akakubali hoja yao yote. Kisha akawaondolea sahani. Akasema yupo ndugu ambaye juzi tu alikuwa akiziabudu sanamu zile, akikuona wewe mwenye ujuzi umeketi hekaluni unakula, na yeye atakula, na dhamiri yake itavunjika. Kama chakula kinamkosesha ndugu yangu, asema Paulo, nyama sitaila milele.

Lakini soma mpaka sura ya 10, maana wahubiri wengi huishia ya 8. Hapo Paulo huyo huyo asema kila kinachouzwa sokoni kuleni bila kuuliza-uliza, na mtu asiyeamini akikualika, kula unachoandaliwa. Ni pale tu mtu atakapokwambia hiki kimetolewa sadaka ndipo uache, na asema wazi ni kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyekwambia, si yako. Ndiye mtu yule yule aliyemtahiri Timotheo kwa sababu ya Wayahudi wa sehemu zile, Matendo 16, na akakataa katakata Tito asitahiriwe, Wagalatia 2. Kisu kimoja, majibu mawili. Kwa Timotheo desturi ilikuwa mlango wa kuingilia kwa watu. Kwa Tito walitaka kuifanya tiketi ya wokovu. Sasa chukua kibuyu chako ukapime.

Na hapo ndipo mchungaji wako na mimi tunaachana kidogo. Akisema mnazi wa mahari ni ibada ya shetani, anakosea, au ameambiwa na asiyejua. Kwa Wagiriama mnazi ni ushahidi. Watu wakishaketi wakanywa pamoja, hakuna atakayeamka kesho akasema hakuwepo. Kuna mnazi mwingine, ule unaomwagwa chini na koma, yaani mizimu ya wahenga, wakaitwa kwa majina waje wapokee, na huo ni sala, na mtu aliyeokoka hawezi kusema amina kwa sala mbili. Muulize mshenga wako kwa adabu nini hasa kitafanywa. Ukiambiwa kuna kumwagia koma, jibu unalo sura ya 10, na utawaambia wazee hivyo kwa heshima na kwa mdomo wako. Ukiambiwa ni kunywa tu, basi si dhambi ya sanamu. Bado ni kileo, na bado yupo shemeji.

Lakini usimdharau mchungaji. Kanisa lako ni la watu waliokula ahadi ya kutokunywa, na uliingia mlangoni ukiijua. Kanuni ya ushirika si amri iliyoshuka Sinai, ila si takataka pia, na yeye ndiye anayeitwa usiku mume wa mtu anapoanguka mtaroni akitoka mangweni. Mambo ya Kana achana nayo. Hutamshinda kwa Kana, na ukimshinda utakuwa umeshinda mjadala ukapoteza mfungisha ndoa. Ukitaka kumkumbusha kwamba makanisa hujifunza polepole kuhusu mila zetu, mwambie maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth mwaka 1888 walikataa mume wa wake wengi asibatizwe, na mwaka 1988, kwenye mkutano wa jina hilo hilo, wakakubali abatizwe pamoja na wake zake na watoto walioamini, bila kulazimishwa kuwafukuza, ila asiongeze mke. Miaka 100 kamili. Mwambie kwa tabasamu.

Wala usishtuke wazee wakikwambia nyinyi vijana mmeacha mila, na mchungaji jioni hiyo hiyo akikwambia nyinyi vijana mmepoa kiroho. Francis Xavier, yule mmisionari Mkatoliki, alipopita hapa Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, India, aliandika kwamba Mwislamu mmoja mkubwa wa mji alimlalamikia misikiti iko 17 na inayohudhuriwa ni 3 tu, tena na watu wachache. Ule mji wetu una kawaida hiyo tangu zamani.

Sasa nikwambie kitu ambacho si wewe, si mchungaji, si baba mdogo aliyekitaja.

Nilipoolewa mimi, mwaka 1989, niliketishwa kwenye mkeka, leso kichwani, macho chini. Baba yangu mdogo alishika kibuyu lakini hakunywa. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Mwanangu, watu hawa unawajua?" Nikasema nawajua. "Mnazi wao tuunywe?" Nikanyamaza, si kwa kukataa, ni aibu tu, kuku walikuwa wakipekua chini ya kinu na mimi nawatazama wale kuku. Akauliza tena. Nyanya akanifinya paja. Nikasema, "Nyweni." Ndipo watu wakapiga vigelegele na kibuyu kikazunguka. Miaka miwili baadaye binamu yangu aliulizwa swali lile lile kuhusu mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi, akasema, "Msinywe." Hakulia, hakueleza. Madumu yalirudi yalikotoka juu ya baiskeli ile ile, na hakuna aliyeweza kusema neno, kwa sababu mnazi ulikuwa bado haujaguswa.

Unaona kilichomo ndani ya kibuyu hicho? Mnazi ni theluthi. Kilichobaki ni swali, na mtu mmoja tu ukooni ndiye mwenye jibu. Mchungaji akitupa kibuyu bila kujua, anatupa na swali. Nimehudhuria mahari za waliookoka ambapo kreti za soda zilifunguliwa, sala ikaombwa, orodha ikasomwa, na binti hakuulizwa kitu, yuko jikoni anakuna nazi. Mimi hilo linanikera kuliko dumu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Peleka madafu. Usicheke. Ni tunda la mti ule ule, linateremshwa na mkwezi yule yule, na hakuna mzee wa Ganda atakayesema umeleta kitu cha kigeni. Atakachosema baba mdogo ni kwamba madafu ni ya wagonjwa na Wazungu. Mwache aseme, ni haki yake kusema jambo moja la kuchekesha siku ya mahari. Madafu yatiwe kwenye kibuyu cha ukoo, ashike baba mdogo mwenyewe, aulize swali, na mchumba wako ajibu. Kadzama nne zihesabiwe kwa pesa, kama nyumba nyingi zinavyofanya siku hizi, na zikabidhiwe mbele ya watu pamoja na mahari mengine.

Utaniambia pesa hizo si zitaishia mangweni. Nyingine zitaishia huko. Sikudanganyi, hapo pana hila kidogo, na mchungaji mkali anaweza kuiona. Lakini mahari ukishaitoa ni ya wenyewe, na mzee wa miaka 70 kununua kinywaji chake kwa pesa yake si jambo utakalojibu wewe mbele za Mungu. Kumshikisha kibuyu cha mnazi rafiki yako aliyeacha, hilo utalijibu.

Mpango wa usiku uufute leo. Kwanza hautafaulu. Madumu ya lita ishirini juu ya boda boda kuelekea Ganda, na mwendeshaji anajua ni mahari ya nani? Kabla hujafika Jumapili washirika wote watakuwa wamejua na idadi ya lita. Pili, uhuru unaohitaji giza na mjomba wa kukubebea, sidhani huo ndio uliokuwa ukiniandikia.

Mtafute mshenga mzee, mshirika wa kanisa na mwenye kuongea Kigiriama cha ndani, si hiki chenu cha kuchanganya. Aende na mchungaji kwa baba mdogo, wakae chini ya mwembe, wewe usiwepo. Wazee hawa wawili wamekuwa wakigombana kupitia wewe, na kila mmoja anadhani mwenzake hana akili. Mchungaji asikie habari ya swali. Nadhani hajawahi kuisikia, na mchungaji mwenye mabinti akiisikia hulegea. Baba mdogo naye asikie habari ya mpwa wake, kwa ruhusa ya mpwa mwenyewe. Mzee aliyekuwa akimtafuta kijana huyo mitaroni usiku hatakaza shingo.

Wakikataa kabisa? Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 haikudai kadzama nne. Hata kwa ndoa ya kimila yenyewe, pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa, sehemu yake ya ishara tu inatosha. Nakwambia ili ulale usingizi, si ili ukawatishie wakwe kwa sheria. Karatasi itakupa cheti, haitakupa mtu wa kuja kukusaidia mtoto akiugua usiku.

Shemeji yako mtembelee wiki hii, kabla ya mshenga, kabla ya mchungaji. Muulize anataka kufanya kazi gani siku hiyo. Pengine atataka kuangua madafu yenyewe na kukaa na panga lake kule nje, mbali na vibuyu, akisifiwa. Na mchumba wako, ambaye katika barua nzima hukuniandikia anasema nini, naye muulize kama angependa kuulizwa.

Kuhusu kinanda, anza kumfundisha mtu mwingine sasa hivi. Desemba hutaweza kupiga na kuoa kwa wakati mmoja.